Mama wa Biashara na Mzigo Usioonekana

Mafundisho yaliyotolewa kwa wamama siku ya kupima watoto

Ninyi wenye watoto mgongoni, na ninyi wenye mimba, karibuni mkae. Yule ambaye mtoto wake analia ampatie titi, hapa hakuna haya. Karata za kilo mziweke kwenye meza ya pale, watawaita kwa majina kiisha mafundisho.

Siku zingine tunasema juu ya kuhara, juu ya malaria na chandarua. Leo ninataka tuseme juu ya ugonjwa mmoja ambao balanse haiuonyeshi, wala kipima-joto. Ninasema na mama mwenye biashara. Si yule tu anayepanga nyanya mafungu mafungu kando ya njia, ingawa yeye pia ana mzigo wake. Ninasema zaidi na mama ambaye biashara yake imekua mpaka ana watu chini yake: mwenye depo ya unga, mwenye restora, mwenye atelie ya kushona na mashini ine, yule anayetuma watu kununua maharagi mlimani kisha anayauzisha mjini, yule anayetia feza pamoja na wenzake ili mmoja wao asafiri mpaka Dubai kuleta mali. Kati yenu hapa wako. Ninawajua kwa sababu wanashika mtoto na mkono mmoja na simu na mkono wa pili. (Sikasiriki, lakini mzizime kidogo.)

Watu wanawaona wamama hawa kuwa wenye baraka, na ni kweli. Nyumba nyingi katika nchi yetu zinakula, na watoto wengi wanasoma, kwa sababu kuko mama aliyeamuka saa kumi ya usiku. Biblia haikumficha mwanamke wa namna hii. Lidia wa Tiatira alikuwa akiuza nguo za rangi ya zambarau kule Filipi, alikuwa na nyumba yake na watu wake, na ndugu wa kwanza wa mji ule walikusanyika kwake. Basi sikuja kuwaambia muache biashara na kurudi jikoni. Kuko wahubiri wanaosema hivyo, na wengine wao wanakula feza ya biashara ya wake zao.

Mkubwa analilia wapi?

Mfanyakazi akipata taabu, anaileta kwa patroni wake. Mtoto wake anaumwa, anaomba apewe mshahara mbele ya mwisho wa mwezi. Ndugu ya mume anatafuta minervali ya watoto wake. Kilio kimetokea kijijini, watu wote wanageuza macho kumtazama yeye. Kanisani wanaandika matoleo ya kujenga, jina lake liko tayari juu ya listi mbele hajasema neno. Kila mtu ana mahali pa kutua mzigo wake, na mahali pale ni juu ya kichwa cha mama huyu. Yeye mwenyewe anautua wapi wa kwake?

Mnisikilize vizuri hapa, kwa sababu hii ndiyo siri ambayo wengine hawaielewi. Biashara yetu inaishi kwa kukopeshana. Mwenye kuuza kwa jumla anamwachia mama magunia kumi kwa sababu anamwamini. Siku atakaposikia ya kuwa mama yule analia, ya kuwa mali imekamatwa njiani ao shofere amekimbia nayo, kesho yake anakuja kudai yote mara moja, na wadai wengine wanamfuata. Wafanyakazi nao wakisikia, mmoja anaanza kutafuta kazi ingine, wa pili anaanza kujilipa mwenyewe kidogo-kidogo mbele mlango haujafungwa. Basi mama anafundisha uso wake kucheka. Anavaa kikwembe kizuri zaidi siku ile ile ambayo hana kitu. Si kiburi, ni sehemu ya kazi.

Lakini uso uliofundishwa kucheka sokoni hauachi mafundisho yale mlangoni mwa nyumba. Mume akiuliza, "Namna gani leo?", anajibu, "Iko sawa tu." Dada yake akiuliza, jibu ni lile lile. Katika maombi ya wamama anaombea wagonjwa wa wengine. Kidogo-kidogo anabaki peke yake katikati ya watu wengi.

Mama mmoja aliniambia maneno haya: "Muganga, niko na watu kumi na moja benye kula kwangu, na hakuna hata moja mwenye naweza kuambia ya kuwa naogopa." Hakuwa na homa. Alikuja sababu moyo ulikuwa ukipiga mbio usiku, na kichwa kilikuwa kikimuuma tangu majuma mengi. Tulipima damu, tansio ilikuwa juu. Tulimpatia dawa ya tansio, na ilikuwa lazima kumpatia. Lakini kidonge kile hakikujua deni lake.

Tena msifikiri ya kuwa hofu ya mama wa biashara katika Kongo ni ujinga. Ina mizizi. Mama zetu wanakumbuka Desemba 1979, wakati serikali ilipofuta makaratasi ya feza ya zaire 5 na zaire 10, na mtu aliyeficha akiba yake chini ya kitanda alibaki na karatasi ya kuwashia moto. Mwaka 1991 na mwaka 1993 kulikuwa kupora mali, maduka yakavunjwa katika miji mingi. Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya Goma na kufunika maduka. Mwaka 2020 mipaka ilifungwa sababu ya ugonjwa wa korona, na wanawake waliokuwa wakivuka kila siku na vikapu walibaki upande mmoja, mali upande wa pili. Mwanzo wa mwaka 2025, vita ilipoingia Goma, banki zilifunga milango. Mtu aliyepita katika mambo kama haya, ao aliyesikia mama yake akiyasimulia, hawezi kulala usingizi mzito juu ya akiba yake. Halali sawasawa hata siku ambayo hakuna hatari. Mwili unaendelea kulinda mlango.

Mtoto aliyeondolewa mahali pake

Wote mnajua jina la ugonjwa kwashiorkor: miguu kuvimba, nywele kugeuka nyekundu, mtoto kukosa furaha. Lakini je, mnajua neno hili linatoka wapi? Si Kifaransa wala Kiingereza. Ni neno la watu wa Ghana, la luga ya Kiga, na mganga mwanamke Cicely Williams aliyefanya kazi kule aliliandika katika gazeti la waganga mwaka 1935. Wamama wa kule walikuwa wakilisema juu ya ugonjwa unaomshika mtoto wakati mdogo wake amezaliwa, na yeye ameondolewa mahali pake.

Mara zingine tunapokea mtoto ambaye aliyemwondoa si mdogo wake. Ni depo ya unga. Nyumbani kuna feza, kuna hata chakula cha kuuzisha, lakini mtoto anashinda na biskwi na chai ya sukari, kwa sababu yule anayebaki naye ni mtoto mwenzake wa miaka kumi, na biskwi ndiyo inanyamazisha kilio upesi. Mama anarudi saa moja ya usiku, mtoto amekwisha lala. Anamwona amelala na anafikiri ameshiba. Siku inapita, na ya pili, na mwezi. Usiku ni siku ya pili inayoficha kukonda.

Sasa nina neno la kuwakataza. Mtoto kama huyu anapopandishwa juu ya balanse, ninasikia kwenye benchi za nyuma: "Ona! Mwenye magazini nzima, mtoto anakonda!" Na wengine wanacheka. Mnajua kinachofuata? Mama yule harudi tena. Siku ingine anatuma binti wa kazi na karata, na binti hajui kusema mtoto amekula nini wala amehara mara ngapi. Hivi mtoto anapotea kwetu sababu ya kicheko chenu. Kama balanse ingepima uchovu wa wamama, wengi wangeshuka pale juu pasipo kutaka wengine wasome mshale.

Kwa chakula nitasema upesi, maana tulikwisha fundisha. Mtoto wa miezi sita kwenda juu, asubui apewe uji mzito wa masoso, yaani mahindi, soya na sorgo. Mama atengeneze unga ule mwenyewe siku ya mapumziko, auweke katika kopo, na aonyeshe anayebaki na mtoto kipimo kwa kijiko, si kwa maneno. Ndagala za kutwanga ziingie ndani. Biashara haizuizi jambo hili.

Juu ya maziwa ninataka kukaa kidogo, maana kuko kosa linaloumiza moyo wa wamama wengi. Mama anasema, "Maziwa yangu yamekauka juu ya mawazo." Haiko hivyo kabisa. Mawazo na hofu havikaushi maziwa kwa siku moja. Vinazuia yasitoke upesi. Maziwa yako ndani, mlango wake tu umekuwa mgumu. Mama akirudi toka sokoni na kichwa kinachemka, akaketi na kumshika mtoto ngozi kwa ngozi, akakanda titi polepole na kungojea kidogo, yatashuka. Yule anayekata tamaa dakika ya kwanza na kununua maziwa ya kopo, huyo sasa maziwa yake yatapunguka kweli, kwa sababu titi lisilonyonywa halitengenezi. Mnyonyeshe sana usiku. Usiku mwili unatengeneza maziwa vizuri, na kwa mama aliyeshinda mbali ni saa ya mtoto kumnusa mama yake. Yule anayeweza, akamue kwa mkono mbele ya kutoka, atie ndani ya kikombe safi chenye kifuniko, mahali pa baridi. Yanaweza kukaa saa ine hivi. Kama hewa ni ya moto, yatumiwe mapema zaidi. Yanyweshwe kwa kikombe, si kwa bibero. Kwa miezi sita ya kwanza asipewe kitu kingine, hata maji, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili.

Anapoita mtu mwingine mama

Kuko kisu kimoja ambacho wamama wa biashara hawasemi. Ni siku mtoto anaanguka, analia, na mikono yake inaelekea kwa dada wa kazi, hapana kwa mama. Ao anamwita yule "mama". Nimeona wanawake wenye nguvu, wanaojua kubishana na polisi wa barabara na mtu wa taksi, wakilia sababu ya neno hili moja. Kisha wengine wanamfukuza binti yule. Wanaleta mwingine, na kiisha miezi mitatu wanafukuza na huyo. Sasa mtoto amepoteza watu wawili.

Mama, moyo wa mtoto si kiti kimoja ambacho mtu akikikalia mwingine anasimama. Mtoto anaweza kupenda watu wengi, na nyumba zetu tangu zamani zilikuwa na nyanya, shangazi na dada wakubwa. Hatari si mtoto kumpenda binti. Hatari ni mtoto kukosa kila mtu, ao kubadilishiwa watu kila mara. Ukimpata binti mwenye roho nzuri, umlipe vema na umshike. Na usimwone kama mwizi wa mtoto wako.

Sasa hasira. Asubui mdeni amekataa kulipa, na mama hakuweza kumpiga. Saa sita mtu wa taksi amechukua feza pasipo kutoa karatasi, na mama hakuweza kumtukana. Usiku mtoto wa miaka mine anamwaga maji juu ya meza. Kofi linalomfikia lilikuwa la mdeni, na lile la pili lilikuwa la mtu wa taksi. Mtoto hajui hesabu hii. Yeye anajua tu ya kuwa maji kidogo yanaleta radi, na anajifunza kukaa kimya mama anapoingia. Mama anaona kimya kile anafikiri ni heshima. Ninawapa ushauri mdogo ambao unasaidia: mbele ya kuingia, simama nje ya uzio, weka kikapu chini, nawa uso na mikono kwa maji ya baridi, pumua polepole. Waambie watoto, "Mama amechoka, sijakasirika na ninyi." Hata wa miaka mitatu anaelewa.

Neno moja juu ya binti mkubwa wa nyumba, na hapa sitasema kwa upole. Biashara nyingi za wamama zimesimama juu ya mgongo wa mtoto wa kike wa miaka kumi ao kumi na mbili aliyeondolewa shuleni ili abaki na mdogo wake. Mama anasema, "Mwaka huu tu." Mwaka ule haumaliziki. Baadaye mama anajenga nyumba ya matofali, wavulana wanakwenda chuo kikuu, na msichana yule hajui kusoma karata ya mtoto wake mwenyewe anapokuja hapa. Biashara isiyoweza kulipa mtu wa kubaki na mtoto haijakua bado. Ihesabiwe upya.

Na bwana wa nyumba?

Mwanaume wetu alifundishwa ya kuwa yeye ndiye anayeleta. Siku mke anapoleta zaidi, hata kama hasemi, kitu kinamkwaruza ndani. Wengine wanasaidia kwa furaha, ninawajua, wanabeba magunia na kubeba mtoto mgongoni pasipo haya. Wengine wanaacha kutoa feza ya chakula kwa sababu "mama anayo". Wengine wanashika sanduku. Hata sheria ilikuwa upande mmoja: Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilitaka mke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa matendo ya sheria. Julai 2016 sheria ile ilibadilishwa, na sasa inawataka mume na mke wote wawili kupatana. Ni vizuri mjue. Lakini kupatana hakuletwi na karatasi ya Kinshasa. Kunaletwa na kuketi pamoja na kaye ya hesabu, watoto wakiwa wamelala, na kusema kweli: hii ni feza ya mali, hii ni deni, hii ndiyo inayobaki. Wanaume wengi wanafikiri feza yote wanayoiona sandukuni ni faida. Mke naye anaficha hesabu, na uwongo mdogo wa kulinda nyumba unakuwa ukuta.

Mawazo yanapogeuka ugonjwa

Kila mama anachoka. Na kiisha kuzaa, wengi wanalia bure siku ya tatu, ya ine, ya tano. Hiyo inapita yenyewe mbele ya majuma mawili kumalizika. Lakini kama inapita majuma mawili na bado huzuni haitoki, kama usingizi haupatikani hata mtoto akilala, ao mama anataka kulala tu. Kama chakula hakina ladha, kama anaangalia mtoto wake anaona kama mtoto wa jirani, kama hesabu rahisi zinampotea, kama anasema ndani ya moyo, "Heri nisingekuwa", huo si uchovu tena. Ni ugonjwa, una matunzo. Shirika la Afya la Ulimwengu, lile tunaita OMS, linasema ya kuwa katika nchi kama zetu, karibu mwanamke mmoja kwa watano waliozaa anaupata. Mjihesabu hapo kwenye benchi, mtaona.

Kwa mama mwenye biashara ugonjwa huu unajificha vizuri, sababu anaendelea kufanya kazi. Anauza, anahesabu, anacheka. Ndani ni giza. Watu wanasema, "Hawezi kuwa mgonjwa, jana alipokea lori."

Na sisi watu wa kanisa tunaongeza jiwe juu ya mzigo: tunamwambia hana imani. Someni habari za Elia. Alikuwa ametoka kushinda kazi kubwa juu ya mlima Karmeli, kisha alikimbia, akaketi chini ya mti jangwani, akaomba kufa. Mungu hakumpigia kelele. Alimtuma malaika na mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena, akalala tena. Mazungumzo yalikuja baadaye kule Horebu. Mimi kama muuguzi ninapenda sana sura ile, kwa sababu matunzo yake yalianza na chakula na usingizi.

Kule Zimbabwe watu wanaosema Kishona wanaita ugonjwa huu kwa neno lenye maana ya kuwaza kupita kiasi, sawa vile sisi tunavyosema "mawazo mingi". Mwaka 2006 mganga wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza kazi ya kufundisha wamama wazee kuketi kwenye benchi nje ya kituo cha afya na kusikiliza. Mgonjwa anasema shida zake zote, kisha wanachagua moja tu, wanatafuta pamoja hatua ndogo ya kuitengeneza, na juma linalofuata wanaonana tena. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha ya kuwa kiisha miezi sita waliokaa kwenye benchi ile walikuwa na dalili chache kuliko wale waliopata matunzo ya kawaida. Hakuna mashini pale. Ni masikio ya nyanya tu, na benchi ya mbao. Sisi tuna nyanya wengi.

Ni ile hatua ya kuchagua shida moja ambayo mama wa biashara anaikosa, kwa maana zote zinamjia pamoja saa nane ya usiku. Aandike. Deni la huyu, ugonjwa wa yule, kodi ya nyumba. Kesho ninashika moja. Yetro alimwona Musa akiketi toka asubui mpaka magaribi akihukumu watu peke yake, akamwambia ya kuwa atachoka yeye na watu pamoja naye. Achague wakubwa wa watu elfu, wa mia, wa hamsini na wa kumi. Wewe huna watu elfu, lakini una yule binti wa atelie mwenye akili ambaye bado humwachii ufunguo. Mwachie siku moja kwa juma, hesabu ndogo, umwangalie. Akiweza, ongeza.

Likelemba nayo isiwe ya feza tu. Mnakutana kila juma, mnahesabu, mnaenda. Bakini nusu saa, kila mmoja aseme jambo moja linalomlemea, na lisitoke pale. Na mjihadari na "banki lambert", ule mkopo wa mtu na mtu wenye faida kali. Mara nyingi nikimwuliza mama asiyelala, nyuma ya mawazo kuna mkopo wa namna ile ambao mume haujui.

Tena, Sheria ya Kazi ya mwaka 2002 inampa mwanamke mwenye kuajiriwa majuma 14 ya kupumzika kwa ajili ya uzazi. Wewe mwenye biashara unampa mfanyakazi wako, kama unafuata sheria, lakini wewe mwenyewe ulirudi dukani siku ya nane na tumbo bado linauma. Panga mambo tangu mimba ina miezi sita: nani atauza, nani atashika feza, nini kitasimama. Mali ingine isimame.

Maulizo ya wamama

Mama mmoja aliuliza: "Mtoto wangu iko na mwaka na nusu. Nikitoka analia mpaka anatapika. Je, nitoroke mlango wa nyuma?" Jibu: Hapana. Ukitoroka, anajifunza ya kuwa mama anaweza kupotea saa yoyote, na atakushika zaidi. Mwage, mwambie utarudi, mpe kitu chako ashike, hata kitambaa cha kichwa, kisha uende pasipo kurudi mara tatu mlangoni. Watoto wa toka miezi nane mpaka mwaka na nusu hivi wanalia sana kwa kuachana. Ni alama ya kuwa anakujua na anakupenda. Ukirudi, mbele ya kuhesabu feza, kaa naye chini, hata dakika kumi na tano.

Mwingine: "Nikieleza shida kwa mama mwenzangu, kesho soko lote litajua." Ni kweli, inatokea. Basi usimwambie mtu mwenye kuuza mali kama yako, wala mwenye deni kwako, wala yule ambaye wewe una deni kwake. Tafuta mwanamke mzee aliyekwisha acha biashara, ao mke wa mchungaji kama anajua kufunga kinywa (si wote), ao njoo kwetu. Muuguzi ameapa kutunza siri.

Wa tatu: "Jirani yangu amezaa juzi, anasema atakunywa dawa ya panya. Tunafikiri anatisha tu." Msifikiri hivyo. Msimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni dawa ya panya, dawa ya mashamba na vidonge vyote nyumbani, na mmlete hospitali siku ile ile, hata siku ya Mungu. Kumwuliza wazi kama anataka kufa hakumpi wazo lile. Kunampa mlango wa kusema. Kuko dawa ambazo mganga anaweza kumpatia hata akiwa ananyonyesha.

Wa mwisho alikuwa mama mwenye butiki: "Mume wangu anasema mawazo haya yatakwisha siku nitakapofunga." Labda, labda hapana. Kuko biashara zinazokula mwenyewe kuliko zinavyomlisha, na kuzifunga ni akili. Kuko wengine wanaofunga, kisha mawazo yanabaki na njaa inaongezeka. Mimi siwezi kujibu pasipo kuona hesabu, na yeye pia hawezi. Leta kaye ya miezi mitatu, uje naye siku ya ine saa nane. Ninakuwa katika chumba kidogo nyuma ya farmasi. Mje na mtoto, tutampima kilo palepale.